Zako Tia Maji: Maneno Yanayoziumiza Nywele Zetu

Kwa miaka 38 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na sidhani kama ulipita mwaka bila ya mimi kuandika ubaoni methali hii: Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wanafunzi waliitolea maana upesi, kwani si methali ngumu: likimfika jirani, nawe jiandae. Niliwapa alama zao, nikafuta ubao, tukaendelea na methali nyingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza, swali lililo wazi kuliko yote: kwa nini maji?

Swali hilo limenijia uzeeni, tena kwa uchungu. Wiki ya harusi ya mwanangu wa mwisho, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka minane alirudishwa kutoka saluni akiwa kimya. Nywele zake zilikuwa zimenyooka, zinang'aa, zimelala kichwani kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilipomgusa nyuma ya sikio akaruka. Ngozi ilikuwa imechubuka mahali patatu, na mahali pamoja palikuwa panatoa maji. Nikamwuliza mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, kulikoni. Akanijibu kwa heshima zote na bila ya kusita: "Mama, nywele zake ni ngumu mno. Ilibidi zitiwe dawa."

Usiku ule, nilipokuwa namwosha vidonda, mtoto aliniuliza: "Bibi, sasa nimepona?" Nikamwambia bado, mpaka ngozi ikauke. Akatikisa kichwa. Hakuwa anauliza habari za vidonda. Alikuwa anauliza habari za nywele.

Ndugu wasomaji, mtoto yule hakukosea. Alifanya kile ambacho kila mwanafunzi mzuri wa lugha hufanya: alifuata mantiki ya maneno aliyopewa. Akiambiwa ametiwa dawa, basi alikuwa mgonjwa. Akiwa alikuwa mgonjwa, ana haki ya kuuliza kama amepona. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa letu sisi tuliompa maneno hayo, nami, mwalimu wa Kiswahili, nimo katika safu ya mbele ya wakosaji.

Ninayotaka kuyasema hapa ni haya. Dhana potofu kuhusu utunzaji wa nywele za kipilipili hazikai hewani. Kila moja imejificha ndani ya neno, nasi tunalitamka neno hilo kila siku bila ya kulipekua. Saluni huja baadaye. Kabla mkono haujashika chupa, ulimi umekwisha kutoa hukumu. Na maadamu wengi wetu tunaosoma na kuandika hapa tunajinasibu kuwa walinzi wa maneno, kesi hii ni yetu kabla ya kuwa ya wasusi.

Neno la kwanza ni ngumu. Tunasema nywele ngumu kana kwamba tunaeleza jambo lililopimwa. Hebu tulipime. Unywele wa mtu yeyote duniani umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ile ile iliyojenga kucha. Tofauti iko katika umbo. Kijitundu cha ngozi ambamo unywele wetu huota kimepinda, na unywele wenyewe ukikatwa kati na kutazamwa kwa hadubini huonekana bapa, si mviringo. Kwa sababu hiyo hutoka ukijisokota. Kila penye kona ya msokoto pana udhaifu, kama waya uliokunjwa: hapo ndipo unapokatikia. Tena mafuta ya asili ambayo ngozi ya kichwa huyatoa hushindwa kuteremka katika msokoto ule mpaka nchani, ilhali katika unywele ulionyooka huteleza kwa urahisi. Kwa hiyo nywele zetu ni kavu zaidi na hukatika kwa wepesi zaidi kuliko nywele za singa. Ndizo dhaifu, nasi ndizo tunazoziita ngumu!

Mtanisamehe nikisema kwamba kosa hili la kivumishi limetugharimu kuliko makosa yote ya ngeli niliyowahi kuyasahihisha. Kivumishi huamua tendo. Kitu kigumu hupigwa, huvutwa, huchomwa, hulazimishwa mpaka kitii. Kitu kikavu hunyweshwa. Lau tungezoea kusema nywele kavu, kila mama angejua la kufanya hata bila ya kufundishwa, maana hakuna mkulima aonaye udongo mkavu akakimbilia moto.

Bibi yangu, aliyenilea katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, alilijua jambo hilo bila ya hadubini. Aliniketisha mkekani katikati ya magoti yake, kando yake pana kata ya maji na kikombe cha mafuta ya nazi. Hakuwahi hata siku moja kuzichana nywele zangu zikiwa kavu. Alizilowesha kwanza, akazigawa mafungu manne, akazifumbua kwa vidole, ndipo akatwaa chanuo la mti lenye meno mapana, akianzia nchani na kurudi taratibu kuelekea kwenye shina. Kinyozi wa kijiji naye alifanya vivyo hivyo kabla ya wembe: maji kwanza. Maji huulegeza unywele kwa muda, ukawa mnyumbufu na kukubali kupindishwa bila ya kukatika. Ndiyo maana methali haikusema zako tia mafuta, wala haikusema zako tia moto. Wazee waliokota mfano wao katika utunzaji sahihi wa nywele, sisi tukaubakiza mfano tukautupa utunzaji.

Hapo ndipo inapoingia dhana nyingine, ya mafuta. Wengi huamini kwamba nywele kavu zinahitaji mafuta, basi hupaka mafuta ya mgando juu ya ukavu, leo na kesho, na kesho kutwa hushangaa kwamba zinakatika. Mafuta si maji. Mafuta hufunika, hayanyweshi. Ukifunika chungu kitupu, hakijai kwa kuwa kimefunikwa. Utaratibu ni maji kwanza, kisha mafuta ili maji yasitoroke upesi. Mafuta ya nazi yana sifa ya ziada, kwani ni miongoni mwa mafuta machache yanayojipenyeza ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Lakini hata hayo hayachukui nafasi ya maji.

Neno la pili ni dawa. Najua wajuzi watanirukia: "Mwalimu, dawa katika Kiswahili ina maana pana. Tuna dawa ya viatu, na viatu havikuugua." Nakubali. Tuna dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya panya. Basi nauliza: dawa ya nywele ni ndugu wa ipi kati ya hizo? Ya viatu hung'arisha, ya meno husafisha, na hizi mbili za mwisho huua. Tutazame krimu yenyewe inafanya nini, ndipo tuipangie ukoo.

Krimu nyingi za kunyoosha nywele zimetengenezwa kwa kostiki soda, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibua mabomba. Zile zinazotangazwa kuwa hazina kostiki hutumia alkali nyingine zilizo kali pia. Katika kipimo cha pH chenye alama 0 hadi 14, maji safi huwa 7, ngozi ya kichwa huwa karibu na 5.5, na krimu hizo hufika 12 au zaidi. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Ikiisha kuvivunja haivirudishi. Unywele ule umeharibiwa milele, na ngozi iliyo chini yake, ikiguswa, huungua. Kule kuwashwa ambako tunaambiwa "ndiyo dalili inafanya kazi" ni ngozi inayoungua, basi.

Zaidi ya hayo, mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza afya na mazingira walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walionekana kupatwa na saratani ya mji wa mimba kwa zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Nisitie chumvi: saratani hiyo si ya kawaida sana, na uhusiano wa mambo mawili hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Lakini nani angeiita dawa, na kumpaka mtoto wa miaka minane, kitu ambacho swali la namna hiyo limeulizwa juu yake?

Mimi mwenyewe nilikipaka. Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1981, na mshahara wangu wa kwanza haukupita mbali na saluni. Ulikuwa wakati wa kalikiti, neno tulilolipokea pamoja na kifurushi chake. Wenye umri wangu wanakumbuka foronya zilizolowa mafuta na kola za mashati zilizobadilika rangi. Lakini sijui kama waliwahi kulifikiria jambo la kuchekesha lililokuwemo ndani yake. Katika kalikiti, nywele zilizojisokota zililegezwa kwanza kwa kemikali mpaka zikanyooka, kisha zikazungushiwa vijiti ili zijisokote upya. Tulilipa fedha kunyang'anywa msokoto, kisha tukalipa kuuziwa msokoto. Ikiwa kuna fumbo bora zaidi kuhusu biashara ya kutufanya tuzichukie nywele zetu, mimi sijalisikia.

La tatu si neno bali sentensi nzima: nywele zetu hazikui. Nimeisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma. Nawaomba wanaoiamini wajibu swali moja. Mwanamke aliyetia krimu mwezi wa kwanza, mbona mwezi wa tatu hurudi saluni kupakwa sehemu iliyoota? Kama hazikui, kilichoota ni nini? Nywele za kichwa hukua kwa wastani wa karibu sentimita 1 kwa mwezi. Za Waafrika, kwa vipimo vilivyofanywa, hukua polepole kidogo, lakini zinakua. Tatizo ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ile ile zinayoota shinani, mfano wa ndoo inayojazwa na kuvuja. Tena zina tabia ya kujikunja. Unywele uliojisokota sana ukikauka huonekana chini ya nusu ya urefu wake wa kweli. Mwenye nywele huziona fupi, kumbe zimejikunyata tu.

Kutokana na sentensi hiyo zimezaliwa dhana ndogondogo. Kwamba kumnyoa mtoto upara huzifanya nywele zake ziwe nene: wembe hukata kilicho nje ya ngozi, na kilicho nje kimekwisha kufa, hakipeleki habari yoyote kwenye shina. Kwamba kupunguza ncha hukuza nywele: hupunguza kupasuka na kunasana, ambalo ni jambo jema, lakini hakukuzi. Na kwamba nywele zinazotoka wakati wa kufumua misuko ni ishara ya kunyonyoka. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Ukisuka ukakaa siku 30, nywele 1,500 hadi 3,000 zilizokufa zitakuwa zimenaswa ndani ya msuko zikingoja siku ya kufumuliwa. Ukiziona mkononi usipige mayowe. Unapokea malimbikizo.

La nne limevaa vazi la methali: Mtaka uzuri hudhurika. Ni methali yetu, nami sina ubavu wa kuifuta, ila naukataa ushahidi wa uongo inaolazimishwa kuutoa kila inapotajwa juu ya kichwa cha mtoto anayelia. Tunaambiwa kwamba misuko iliyobana sana hukuza nywele, na kwamba anayelalamika hajui urembo. Ukweli ni kinyume. Msuko unaovuta ngozi mpaka nyusi zikainuka huing'oa nywele kidogo kidogo, hasa kwenye paji la uso na juu ya masikio. Ukiachwa mapema, nywele hurudi. Ukiendelezwa kwa miaka, shina hupata kovu na pale hapaoti tena. Tazameni vipaji vya nyuso za wanawake wa rika langu mtaona historia yote ya ususi wa mateso imeandikwa pale. Ipo methali nyingine ambayo wasusi wetu hawaitaji: Penye urembo ndipo penye urimbo. Hiyo ndiyo ningependa ibandikwe ukutani mwa kila saluni.

Nisieleweke kwamba naupinga ususi. Ususi ni fani yetu, na lugha yenyewe inashuhudia. Sisi wa fasihi tunapozungumzia mpangilio wa matukio katika riwaya tunauita msuko. Tunasema mtunzi amesuka kisa. Hatukuchukua neno hilo kiwandani. Tulilichukua mikononi mwa wanawake waliosuka ukili, mikeka na vichwa. Twende kilioni, mabutu, nywele za uzi: hizi ni nyakati za mama na mwana kukaa pamoja, ni darasa la hadithi na vitendawili. Mkono laini na nywele zilizoloweshwa ndivyo vilivyolifanya darasa hilo liwe tamu.

La tano ndilo linalonitoa jasho kuliandika: neno nadhifu. Katika shule nilizofundisha, kama katika shule nyingi za serikali nchini mwetu, wasichana kwa wavulana walitakiwa kukata nywele ziwe fupi. Sikatai kwamba bwenini, penye bomba moja kwa wasichana mia, nywele fupi huokoa maji na muda. Hiyo ni sababu ya kweli na ningeisema kwa uso mkavu. Lakini si sababu niliyowapa wanafunzi wangu. Mimi, nikiwa mwalimu wa zamu, nilisimama mstarini na mkasi mkononi nikawaambia: "Punguzeni hayo manyoya, muwe nadhifu." Manyoya! Neno la kuku na mbuzi, kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili, mbele ya watoto wa watu.

Mwaka mmoja alihamia kwetu binti mwenye nywele za singa, ndefu mpaka mgongoni. Nilipomfikia mstarini, mkasi wangu uliteremka wenyewe. Nikamwambia azifunge kwa utepe mweusi, yatosha. Msichana aliyesimama nyuma yake, ambaye nilikuwa nimekwisha kumkata, alinitazama. Hakusema kitu. Sura yake ninayo mpaka leo. Alikuwa ameona kilichonichukua miaka mingi kukiona: kwamba sheria yangu haikuhusu urefu, wala maji, wala muda. Ilihusu umbo. Nilikuwa nimemfundisha, bila ya kuandika ubaoni, kwamba nywele za mwenzake zilikuwa nadhifu kwa kuzaliwa na zake zilikuwa uchafu kwa kuzaliwa.

Mwezi Agosti 2016 wasichana wa Pretoria High School for Girls, huko Afrika Kusini, walisimama hadharani kupinga kanuni za shule kuhusu nywele zao za asili. Niliziona picha zao katika televisheni nami nikiwa bado kazini. Nilimkumbuka msichana yule wa mstarini. Hao wa Pretoria walikuwa wamepata ulimi wa kulisema aliloweza kulitazama tu.

Unadhifu wa nywele ni kuoshwa, na hapa pia tuna upotofu wa pande mbili. Wapo wanaoamini nywele za kipilipili hazifai kuoshwa mara kwa mara, basi hukaa miezi. Wapo wanaoziosha kwa sabuni ya mche ya kufulia, yenye ualkali unaozikausha. Kwa wengi, kuosha kila wiki moja au mbili kwa shampuu laini, ikisuguliwa ngozini zaidi kuliko kwenye nywele, na kufuatiwa na kondishena, hutosha. Usiku, kitambaa cha satini kichwani huzuia foronya ya pamba isinyonye unyevu na kuzisugua. Hakuna zaidi ya hapo kinachohitaji mtaji mkubwa.

Nasema hivyo kwa sababu upande wa pili nao umezaa wafanyabiashara wake. Vijana walioacha krimu sasa wanaambiwa kwamba nywele asilia haziishi bila ya chupa kumi, au kwamba chochote kitokacho jikoni ni salama kwa kuwa ni cha asili. Wanapaka limau na magadi. Magadi ni alkali, na limau ni asidi kali kwa ngozi iliyochubuka. Uasili si cheti cha usalama. Upupu nao ni wa asili.

Sasa nijibu pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya binti yangu: "Mama, ni nywele zangu na fedha zangu. Wewe ulitia kalikiti, mbona unanihukumu?" Ana haki. Ipo methali ambayo wanaume wengi huwarushia wanawake katika mjadala huu: Mwacha asili ni mtumwa. Mimi siitumii. Mwanamke mzima anayejua kilichomo chupani na akaamua kunyoosha nywele zake si mtumwa wa mtu, na mara nyingi anayemrushia methali hiyo ndiye yule yule aliyemsifu mwingine kwa singa yake. Ninachodai ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: ajue. Na hawezi kujua ikiwa lugha imemficha. Aambiwe, "Nazinyoosha kwa kemikali," si "Nazitia dawa." Aambiwe, "Nywele zako ni kavu," si "ni ngumu." Kisha achague. Ama mtoto wa miaka minane, huyo hana la kuchagua. Kwake sisi ndio tunaochagua, nasi tutaulizwa.

Pingamizi ya pili ni ya wanalugha wenzangu: kwamba maneno hubadilika maana, na kwamba kupigana na mazoea ya wasemaji ni kupigana na bahari. Nimeifundisha kanuni hiyo na naiheshimu. Lakini lugha yetu hii hii imewahi kuacha maneno ilipoona kwamba yanamdhalilisha mtu. Wenye umri wangu tumeona namna tulivyoacha, pole pole, kuwaita watu wenye ulemavu kwa ngeli ya vitu, tukajifunza kuwaweka mahali pao, katika ngeli ya watu. Mazoea yalikuwepo, na yalibadilika kwa sababu walimu, waandishi na watangazaji waliamua. Bahari haikutuzuia.

Ndipo nawageukia nyinyi, washairi. Nimesoma tungo za mapenzi tangu utoto, za kale na za sasa. Jicho limesifiwa kwa duara na kwa upole, shingo kwa maringo, mwendo kwa madaha. Ila tukifika kichwani, ghafla sote tunakuwa na kamusi ya neno moja: singa. Mpenzi wa mshairi wa Kiswahili, hata akiwa ni binti wa Handeni au Newala, akiingia katika ubeti hufumuka nywele za kushuka mabegani. Sina ugomvi na singa. Ni nywele za watu, na katika mwambao wetu wapo walio nazo kwa kuzaliwa. Ugomvi wangu ni kwamba mshairi humtazama mke wake aliyeketi mbele yake, akamwandikia sifa za mwanamke mwingine, kisha akatarajia afurahi. Mtoto anayekariri ubeti huo shuleni hurudi nyumbani kujitazama katika kioo. Yanayofuata mmekwisha kuyasoma mwanzoni.

Kipilipili ni neno zuri. Limetokana na punje zetu za pilipili, lina mdundo, lina vina tele, na lina ukali mtamu ambao singa haiujui. Naomba liingie katika tungo, si kwa kuonewa huruma bali kwa kusifiwa. Mimi si malenga, lakini mwalimu hawezi kutoa zoezi asiloweza kulijaribu mwenyewe. Haya ndiyo majaribio yangu:

Nywele hizi zaonewa, kwa neno la msemaji,
Hazitaki moto, dawa, hazitaki mchomaji,
Kwa upole zikilowa, humtii mchanaji,
Mwenzako akinyolewa, nawe zako tia maji.

Malenga nimechelewa, naja kwenu ni mwombaji,
Singa imeshasifiwa, na wengi wa watungaji,
Pilipili ikitiwa, humnogea mlaji,
Mwenzako akinyolewa, nawe zako tia maji.

Vidonda vya mjukuu wangu vimepona. Zile nywele zilizonyooshwa tumezikata, kwa ridhaa yake na ya mama yake, na zilizoota zinajisokota kama zilivyoumbwa. Kila Jumamosi jioni huja na kigoda chake, akaketi katikati ya magoti yangu. Pembeni naweka kata ya maji na kikombe cha mafuta ya nazi. Wiki iliyopita nilimfundisha ile methali. Nikamwuliza maana yake, nikingoja lile jibu la miaka 38. Akafikiri kidogo, kichwa kikichuruzika maji, akasema: "Bibi, maana yake usichane kavu."

Nimempa alama zote.